Mfuko wa Kijani wa Mary Lyon: Chuo cha Mount Holyoke Kilivyojengwa Kidumu

Mtoto akizaliwa hospitalini, iwe Mwanza, Mombasa au Boston, dakika ya kwanza mkunga humtazama mambo matano: mapigo ya moyo, upumuaji, ukakamavu wa misuli, namna anavyoitikia akiguswa, na rangi ya ngozi. Kila jambo hupewa sifuri, moja au mbili. Dakika ya tano anatazamwa tena. Jumla huandikwa penye neno Apgar, na wazazi wengi huondoka wakidhani hilo ni neno la kitabibu kama mengine. Ni jina la mtu. Virginia Apgar alikuwa daktari wa usingizi mjini New York, na kipimo hicho alikibuni mwaka 1952.

Kabla ya udaktari, Apgar alisoma zoolojia na kuhitimu mwaka 1929 katika chuo cha wanawake kilichopo South Hadley, mji mdogo wa jimbo la Massachusetts, Marekani. Chuo hicho ni Mount Holyoke. Kilifunguliwa 1837 na hakijafunga milango hadi leo. Shule nyingi za wasichana zilizokitangulia katika jimbo hilohilo zilikufa, na baadhi hazikumaliza hata miaka kumi. Sababu ya hiki kubaki na zile kufa haikuwa bahati. Ilipangwa, tena kwa hesabu.

Mwanzoni mwa karne ya 19, shule ya wasichana huko New England, yaani majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani, ilikuwa mali ya mtu. Mwalimu alikodi nyumba au ukumbi, akatangaza masomo, wasichana wakaja na ada zao. Mwalimu akiolewa, akiugua au akifa, shule ilikwenda naye. Vyuo vya wavulana havikuwa hivyo. Harvard ilikuwapo tangu 1636, na Amherst, jirani wa South Hadley, tangu 1821. Vyote viwili vilikuwa na ardhi yao, majengo yao na bodi ya wadhamini ambayo mjumbe akifa huwekwa mwingine. Sisi tuna neno linalolieleza jambo hili vizuri kuliko maneno mengi: wakfu. Chuo cha wavulana kilikuwa wakfu, shule ya wasichana ilikuwa biashara ya mtu mmoja.

Mary Lyon, mwanzilishi wa Mount Holyoke, aliliona tatizo hili akiwa ndani yake. Alizaliwa 1797 katika familia ya wakulima huko Buckland. Alianza kufundisha akiwa na miaka 17 kwa senti 75 kwa wiki pamoja na chakula na malazi. Fedha aliyoipata aliitumia kujisomesha, akifundisha muhula mmoja na kusoma mwingine, na kemia akaifuata kwa Amos Eaton, mmoja wa walimu wa kwanza Marekani kuwaachia wanafunzi wafanye majaribio kwa mikono yao wenyewe badala ya kumtazama mwalimu. Baadaye akawa msaidizi wa Zilpah Grant katika shule ya wasichana ya Ipswich, iliyokuwa na sifa kubwa. Wawili hao walijaribu kuigeuza Ipswich iwe taasisi yenye wadhamini na mali ya kudumu, wakashindwa. Watu wenye uwezo waliwasifu, lakini hawakutoa fedha. Mwaka 1834 Lyon aliondoka Ipswich akaanza upya.

Hapa ndipo mtu anayetaka kuanzisha shule leo, popote pale, anapaswa kusoma polepole. Lyon alikwishaelewa kwa nini jaribio la kwanza lilishindwa: lilitegemea matajiri wachache kutoa kiasi kikubwa. Safari hii aliomba kwa watu wengi, kila mmoja kiasi alicho nacho. Kwanza alitafuta dola 1,000 za gharama za mwanzo, yaani safari, barua na matangazo, ili wanaume waliokubali kukaa kwenye kamati wasiingie hasara hata mpango ukivunjika. Fedha hizo alizipata kwa wanawake wa Ipswich na wanafunzi wake, katika muda usiofika miezi miwili. Kisha akashika njia na mfuko wa mahameli wa rangi ya kijani, nyumba kwa nyumba, kijiji kwa kijiji. Zilipatikana zaidi ya dola 27,000 kutoka kwa watu wapatao 1,800 katika miji na vijiji 90 hivi. Wapo waliotoa dola 1,000, na wapo waliotoa senti sita. Ndani ya msafara huo kulikuwa na aibu ya kijamii isiyo ndogo, kwa kuwa mwanamke kusafiri peke yake akiomba michango hadharani hakukuonekana kuwa ni adabu. Marafiki walimsihi awaachie wanaume kazi hiyo. Hakuacha.

Bunge la Massachusetts lilitoa hati ya chuo Februari 1836. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo. Wakati wa ujenzi sehemu ya kuta iliporomoka, na habari iliyomfurahisha Lyon ni kwamba mafundi walikuwa wameondoka kwenda kupata kifungua kinywa, hakuumia mtu. Tarehe 8 Novemba 1837 milango ilifunguliwa kwa wanafunzi 80 katika jengo la matofali ambalo rangi ilikuwa bado haijakauka na fanicha zilikuwa zingali zinaingizwa. Wanafunzi wa kwanza kuhitimu, mwaka uliofuata, walikuwa watatu.

Ada ilikuwa dola 60 kwa mwaka, masomo, chakula na malazi pamoja. Hiyo ilikuwa kama theluthi ya iliyotozwa Ipswich. Lyon aliwalenga binti za wakulima na mafundi, na alijua kuwa chuo kikitoza zaidi kitajaa binti za matajiri na wale aliowakusudia watabaki nyumbani. Bei hiyo ilisimama kwa sababu jengo na ardhi vilikuwa vimelipiwa na michango, kwa hiyo ada haikubeba pango wala deni. Chuo hakikuajiri watumishi, na walimu walilipwa kidogo sana, Lyon mwenyewe dola 200 kwa mwaka pamoja na malazi. Kila mwanafunzi alikuja na vitu vyake pia: matandiko, kijiko, kamusi, atlasi, Biblia.

Mishahara hiyo ndiyo doa katika mpango wake, na si sahihi kuifunika kwa sababu tunampenda. Catharine Beecher, naye mpiganaji wa elimu ya wanawake, alimpinga Lyon kwa hili. Hoja yake ilikuwa kwamba ukiwazoesha watu kuwa mwalimu mwanamke analipwa kwa moyo wake, hutaweza kuwarudisha. Lyon aliona kazi ya ualimu kama utume wa dini, hivyo kujinyima kwake kulikuwa na maana. Lakini shule nyingi zilizoiga bei bila kuiga ibada hiyo ziliwanyonya walimu tu. Yeyote anayelipa walimu wa shule ya binafsi leo kwa ahadi ya thawabu ajue kuwa mjadala huu una karibu miaka 200.

Utaratibu wa kazi za nyumbani ndio uliovumishwa zaidi, na ndio usioeleweka zaidi. Kila mwanafunzi alifanya kazi kwa takriban saa moja kwa siku. Wengine walioka mikate, wengine walifagia, wengine walifua na kupiga pasi, kila kundi na kiongozi wake. Kwa kawaida mtu hakuzungushwa zungushwa. Alipewa kazi moja akaishika kwa muda, kwa sababu mtu anayeoka mkate kila siku huacha kuharibu unga baada ya wiki ya kwanza, na ratiba yake inaweza kupangwa isigongane na vipindi vyake. Mshairi Emily Dickinson, aliyesoma hapo 1847 hadi 1848, alikuwa mtu wa visu: asubuhi na mchana alivibeba kutoka safu ya kwanza ya meza, na jioni aliviosha na kuvikausha. Katika nyumba yenye wanafunzi 200 na zaidi, mgawanyo mdogo namna hiyo ndio uliozuia vurugu.

Magazeti na wageni walidhani chuo kinafundisha upishi na usafi. Lyon alikanusha waziwazi. Kazi hizo zilikuwa njia ya kushusha ada na ya kutotegemea watumishi ambao wangeweza kuondoka wakati wowote. Kuhusu kumfundisha msichana kazi za nyumba, alisema hilo ni jukumu la mama yake, na asiyezijua asitarajie kuzifundishwa chuoni. Darasani kulikuwa na mambo mengine kabisa.

Kuingia kulihitaji umri wa miaka 16 na mtihani. Mwombaji aliulizwa sarufi ya Kiingereza, jiografia, historia ya Marekani na hesabu, za kichwani na za kuandika. Asiyefaulu alirudi nyumbani. Dickinson aliandika kuhusu wasiwasi wa siku hizo za mtihani, na yeye alikuwa mmoja wa waliosoma vizuri sana kabla ya kufika. Kozi ilikuwa ya miaka mitatu. Hisabati na sayansi hazikuwa pambo: ili kuhitimu ilibidi kupita masomo saba ya eneo hilo, jambo lisilosikika katika shule za wasichana za wakati ule. Lyon mwenyewe alifundisha kemia, na wanafunzi walichanganya dawa kwa mikono yao, kama alivyofundishwa na Eaton. Edward Hitchcock, mwanajiolojia wa Chuo cha Amherst ambaye familia yake ilimpokea Lyon nyumbani kwao, alikuja kutoa mihadhara. Kilatini kilichelewa kidogo, kwa sababu jamii haikuona msichana ana haja nacho. Kiliingia rasmi mwaka 1847.

Mary Lyon alifariki Machi 1849, akiwa na umri wa miaka 52. Huo ndio ulikuwa mtihani wa kweli wa wakfu. Shule ya Ipswich ya zamani ingefungwa siku hiyo. Mount Holyoke ilifungua muhula uliofuata kama kawaida.

Mwanzoni mwa miaka ya 1860 kozi iliongezwa ikawa ya miaka minne. Wakati huo vyuo vipya vya wanawake vilikuwa vinazaliwa na jina kamili la chuo: Vassar ilipata hati 1861, Wellesley na Smith zikafuata. Mount Holyoke, iliyowatangulia wote, ilikuwa bado inaitwa seminari, neno lililotumika wakati ule kwa shule za juu za wasichana. Jina hilo liliumiza. Mhitimu wa seminari hakupewa shahada, hivyo hakuweza kuendelea na masomo ya juu wala kushindana kwa kazi ya uhadhiri, hata kama alisoma yaleyale. Mwaka 1888 hati ilibadilishwa, na tangu 1893 ni Mount Holyoke College. Miaka mitatu baadaye, Septemba 1896, lile jengo kubwa la Lyon liliteketea kwa moto. Hakufa mtu. Badala ya kujenga nyumba moja tena, chuo kilijenga mabweni kadhaa yaliyotawanyika, na baadhi yanatumika hadi sasa. Kazi za nyumbani ziliendelea hadi miaka ya 1910, zikafutwa chini ya Mary Woolley, aliyekuwa rais wa chuo kuanzia 1901 hadi 1937.

Tukiacha majengo, urithi wenye thamani kubwa zaidi uko maabara. Mlolongo wake ni mrefu na unaweza kufuatwa mtu kwa mtu. Lydia Shattuck, aliyehitimu 1851, alibaki kufundisha botania. Cornelia Clapp, aliyehitimu 1871, alikwenda kisiwa cha Penikese kusoma viumbe wa bahari walio hai, akarudi na kuwaondolea wanafunzi wake vitabu vya kukariri, akawapa mayai, konokono na darubini. Kituo cha utafiti wa bahari cha Woods Hole kilipofunguliwa 1888, Clapp alikuwa miongoni mwa watafiti wake wa kwanza kabisa. Mwaka 1910 Mignon Talbot, profesa wa jiolojia, aliokota karibu na chuo mifupa ya dinosaria mdogo, akamwita Podokesaurus holyokensis, na kwa hiyo akawa mwanamke wa kwanza kutoa jina la kisayansi kwa dinosaria. Kielelezo kilikuwa kimoja tu duniani. Jengo la makumbusho liliungua miaka michache baadaye, mifupa ikapotea. Kilichookoa elimu hiyo ni nakala za plasta zilizokuwa zimepelekwa kwingine. Kila mtu wa makumbusho na kila mtunza nyaraka anajua funzo lililomo: nakala isikae nyumba moja na asili yake.

Mwenye mchango mkubwa kuliko wote, kwa maoni yetu, ni Emma Perry Carr, aliyeongoza idara ya kemia kuanzia 1913 hadi 1946. Tatizo lake lilikuwa la kila chuo kidogo: hakuna wanafunzi wa uzamivu, kwa hiyo nani atafanya utafiti? Jibu lake lilikuwa kuchukua mradi mmoja mkubwa, kupima jinsi misombo ya kaboni inavyofyonza mwanga wa urujuanimno, na kuukata vipande. Mwalimu mmoja alitengeneza misombo na kuisafisha, mwingine alisimamia vipimo, na wanafunzi wa shahada ya kwanza walipewa kipande kinachoweza kumalizika kwa mwaka mmoja. Usafi wa kemikali ndio uliokuwa mgumu kuliko yote, maana chembe ya uchafu hubadilisha mstari mzima wa vipimo na kukupa jibu lenye sura nzuri lakini la uongo. Mwaka 1937 Carr alikuwa wa kwanza kupewa medali ya Garvan ya wanakemia wanawake wa Marekani. Anna Harrison, aliyejiunga na idara hiyohiyo 1945, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Jumuiya ya Kemia ya Marekani, mwaka 1978.

Namna hiyo ya kufundisha haikuishia kwenye sayansi. Frances Perkins, wa darasa la 1902, alisoma fizikia kama somo kuu. Lakini mwalimu wake wa historia ya uchumi, Annah May Soule, aliwatuma wanafunzi kwenda viwandani katika mji jirani wa Holyoke wakaangalie na kuandika hali ya wafanyakazi. Perkins aliona mtu anavyopoteza mkono kwenye mashine na familia nzima ikaanguka. Kuanzia 1933 hadi 1945 alikuwa Waziri wa Kazi wa Marekani, mwanamke wa kwanza katika baraza la mawaziri la nchi hiyo, na sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935 ina alama za mikono yake.

Mpango wa Lyon ulisafiri pia. Wahitimu wake waliuchukua kama mtu anavyochukua mbegu. Seminari ya wasichana ya taifa la Cherokee, iliyofunguliwa 1851, iliufuata, na walimu wake wa kwanza walitoka South Hadley. Chuo cha wanawake cha Mills huko California kilikuzwa na Susan Tolman Mills, mhitimu wa 1845. Afrika nako ulifika: mchungaji Andrew Murray wa Wellington, Afrika Kusini, alisoma habari za Lyon, akaomba walimu, na wahitimu wawili, Abbie Ferguson na Anna Bliss, wakavuka bahari. Shule yao, Huguenot Seminary, ilifunguliwa Januari 1874. Iliwafundisha hasa binti za walowezi wazungu. Waafrika wenye nchi hawakuwa ndio waliokusudiwa, na jambo hilo ni sehemu ya historia hiyo kama ilivyo jiwe la msingi. Hapo South Hadley penyewe, Hortense Parker alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuhitimu, 1883, karibu nusu karne baada ya kufunguliwa. Mwaka 2023 chuo kilimpata rais wake wa sasa, Danielle Holley, mwanamke Mweusi.

Miaka ya 1960 ikaleta swali gumu. Vyuo vikubwa vya wanaume vilianza kupokea wanawake, na vyuo vya wanawake vikapoteza waombaji. Vassar ilianza kupokea wanaume 1969. Radcliffe, nacho chuo cha wanawake, kikamezwa na Harvard hatua kwa hatua. Mount Holyoke ilijadili kwa miezi mingi, na 1971 bodi ikapiga kura kibaki chuo cha wanawake. Mwaka 2014 sera ya udahili ilipanuliwa ili kupokea pia waombaji waliobadili jinsia.

Sasa masomo yenyewe. Tunakaa hapa zaidi kwa sababu ndipo wasomaji wetu wanapokosea mara kwa mara.

Hiki si chuo cha fani moja. Huingii kusoma udaktari, sheria au uhasibu. Shahada ni ya miaka minne, na mwaka wa kwanza huna haja ya kutangaza somo kuu. Hesabu yake ni krediti 128. Kozi ya kawaida ina krediti 4, kwa hiyo kozi nne kila muhula kwa mihula minane. Somo kuu lina angalau krediti 32, na 12 kati ya hizo ziwe za ngazi ya 300, yaani ngazi ya juu ambako unaandika utafiti wako mwenyewe. Kisha kuna sharti linalowashangaza waliozoea mfumo wetu wa tahasusi: angalau krediti 68 lazima zitoke nje ya idara ya somo kuu. Mpenzi wa kemia, aipende kiasi gani, hawezi kupita 60 za kemia. Ndani ya krediti zote 128 lazima kuwe na kozi ya sanaa na fasihi, ya sayansi au hisabati, ya sayansi ya jamii, ya lugha ya kigeni, na moja inayoutazama ulimwengu kutoka kwa watu walio pembezoni mwa simulizi kuu. Mwaka wa kwanza kuna semina ya watu wachache inayofundisha kusoma kwa makini na kuandika hoja.

Uhuru huo una mtego. Fasihi au historia unaweza kuianza hata mwaka wa pili. Sayansi haikubali hivyo, kwa sababu kozi zake ni ngazi: huwezi kuingia kemia ya kaboni bila kemia ya jumla, wala fizikia ya juu bila kalkulasi. Anayetaka udaktari baadaye anahitaji biolojia, kemia ya jumla, kemia ya kaboni na fizikia, zote na maabara. Akizipanga vibaya, mwaka wa tatu, ambao wenzake wanakwenda kusoma nje ya nchi, yeye anabaki akifukuzana na maabara. Dawa ni kuchukua kemia na hisabati muhula wa kwanza kabisa, hata kama bado hujaamua. Kuacha baadaye ni rahisi kuliko kuanza umechelewa. Kwa wahandisi, kwa miaka mingi kumekuwa na mpango wa shahada mbili unaokuvusha kwenda chuo kingine, kama Dartmouth, baada ya kujenga msingi hapa.

Mitihani ya mwisho ina desturi yake. Chuo kinaendeshwa kwa kanuni ya uaminifu, na kwa mitihani mingi mwanafunzi huchagua mwenyewe kipindi atakachofanya, huchukua bahasha, huketi na kuirudisha bila msimamizi wa kumkodolea macho. Mwanafunzi anayetoka katika mitihani yenye askari mlangoni huhitaji muda kuzoea. Kosa la kawaida si wizi, ni kuweka mitihani yote siku ya mwisho. Na kila vuli, asubuhi moja isiyotangazwa, kengele hulia, masomo yanafutwa, na chuo kizima kinapanda mlima Holyoke. Desturi hii ilianza 1838.

Chuo kina wanafunzi 2,200 hivi, wachache kuliko shule fulani za sekondari. Kinachokuza uchaguzi ni ushirika wa vyuo vitano vya bonde hilo: Amherst, Smith, Hampshire iliyofunguliwa 1970, Chuo Kikuu cha Massachusetts kilichopo Amherst, na Mount Holyoke. Ukiwa umejiandikisha kimoja, unaweza kuchukua kozi katika vingine bila ada ya ziada, kwa kawaida baada ya muhula wa kwanza. Mabasi yanaunganisha. Lakini hesabu safari: kipindi cha dakika 75 kilichoko upande wa pili wa bonde hula nusu ya siku, na basi likikupita baridi ya Januari inakusubiri kituoni. Mshauri mzuri atakuzuia kuchukua kozi mbili za nje katika vyuo viwili tofauti siku moja.

Kupitia ushirika huo kuna cheti cha masomo ya Afrika, na kuna Kiswahili. Lugha zisizo na wanafunzi wa kujaza darasa hufundishwa kwa njia ya pekee: mwanafunzi hupewa mpango wa wiki wa kujisomea, hukutana na mzungumzaji wa lugha kwa mazoezi katika kikundi kidogo, na mwisho wa muhula hupimwa kwa mdomo na mtathmini. Anayedhani ataifanya kozi hiyo mkesha wa mtihani hubainika katika sentensi mbili za kwanza, kwenye ngeli.

Kwa mwombaji wa Afrika Mashariki, mambo ya kuzingatia ni haya. Mitihani ya SAT, ile ya Marekani ya kuombea nafasi ya chuo, si lazima tangu 2001, kwa hiyo uzito uko kwenye matokeo yako ya shule, insha na barua za walimu. Barua inayosema “ana nidhamu na bidii” bila mfano hata mmoja haikusaidii. Mwombe mwalimu aeleze swali ulilouliza au jaribio ulilolirudia mpaka likakubali. Fedha ndiyo shingo ya jambo. Ada ya leo haihusiani kabisa na dola 60 za Lyon, na wengi wa wanaotoka kwetu husoma kwa msaada wa chuo. Msaada hupimwa kwa hali ya familia, na kwa mwombaji wa nje ya Marekani uhitaji huo huzingatiwa pia katika uamuzi wa kumpokea. Omba msaada wakati uleule unapoomba nafasi. Wapo wanaonyamaza wakitumaini kuomba wakishaingia, na huko ndiko mlango unakokuwa umefungwa. Fomu za fedha hutaka vielelezo vya mapato. Mzazi mwenye duka au shamba asiye na hati ya mshahara aandike barua ya maelezo, ataje mapato ya misimu na wategemezi wote, na takwimu zilingane katika kila karatasi. Zisipolingana, ombi huchelewa wakati wenzako wanapewa nafasi. Kwa mwanamke ambaye masomo yake yalikatizwa na maisha, kuna mpango wa Frances Perkins kwa wenye umri mkubwa kuliko wa kawaida.

Jambo la mwisho huonekana dogo mpaka siku unaporudi nyumbani. Mhitimu wa fizikia wa Mount Holyoke hupewa shahada ya sanaa, si ya sayansi, kwa kuwa chuo hutoa aina hiyo kwa masomo yote ya shahada ya kwanza. Mwajiri au ofisa anayesoma jina la shahada tu atakuweka kundi lisilo lako. Tanzania, shahada za nje hupelekwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kutambuliwa, na huko cheti peke yake hakitoshi kueleza. Kila muhula, hifadhi maelezo rasmi ya kozi ulizochukua, yenye mada, saa za maabara na krediti. Omba nakala rasmi za matokeo zaidi ya moja kabla hujaondoka South Hadley, zikiwa kwenye bahasha zilizofungwa, na usizifungue.